Shoka kwenye Ngoma ya Mavuno

Minza wa Kakese hupika wanzuki, pombe ya asali aliyofundishwa na mama mkwe wake. Kila mwaka baada ya mavuno majirani hujaa uani kwake kunywa na kucheza ngoma.

Mwaka juzi, ngoma ikiwa imekolea, shemeji yake Lyamba aliingia na shoka.

"Hii ni mali ya marehemu kaka yangu!" alifoka, akapasua mapipa matatu mfululizo.

Wanzuki ikatapakaa miguuni mwa wageni. Selestine, mwanaye Minza, alipomshika mkono, Lyamba alimgonga kwa upande butu wa shoka, bega likavunjika.

Minza akachukua mwiko mkubwa wa kukorogea, akampiga Lyamba kichwani mpaka akaanguka. Hakuacha. Alimpiga akiwa chini, damu ikimrukia kwenye khanga, hadi mkwewe Pudensiana, mke wa Selestine, akamkumbatia kwa nyuma.

"Mama, inatosha! Utamuua!"

"Niache, bado anapumua."

Lyamba alipona, ila jicho moja halioni. Ukoo uliamua kwamba ua ule ni wa Minza. Mwaka huu alipika tena, na watu wakajaa. Alimpelekea Lyamba kibuyu kimoja, akakiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.