Mwanamke Aliyeachwa Hewani

"Mwenzio anamfuata mkewe mpaka hewani. Wewe hata kisimani hujanifuata."

Hayo wifi yangu alimwambia kaka yangu, mimi nimekaa hapo hapo, na nguo zake keshazifunga kwa kanga.

Ugomvi ulitoka kwenye karatasi waliyofungiwa njugu pale Kombani, iliyochanwa kwenye kitabu cha picha cha watoto wa Kizungu. Kusoma hatujui, ila macho tunayo. Mwanamke anaanguka kutoka ghorofani. Mwanamume mwenye shuka ya kijani mgongoni na chupi juu ya suruali anaruka kumfuata, mikono mbele. Karatasi ikaishia hapo.

Wifi akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Kila akipita anaitazama. Siku hiyo akamwuliza mumewe, "Ningeanguka mimi hivi, ungenidaka?"

Kaka akatafuna njugu kwanza. "Kwani wewe ghorofani ulifuata nini?"

Basi wifi akaibandua picha yake, akaenda nayo kwao Gazi.

Sasa kaka kila siku yuko Kombani ananunua njugu. Karatasi anaigeuza huku na huku, njugu anawapa kuku. Nikamwambia, "Mfuate mwenyewe mkeo." Akanijibu, "Nikamwambie nini, nami sijajua kama yule alidakwa?"

Wewe unayekwenda Gazi, nifikishie salamu kwa wifi. Mwambie yule mwanamke alidakwa, nimemwona kwa macho yangu. Akiuliza karatasi yenyewe iko wapi, mwambie anayo mumewe, aje aitazame.