Mpini wa Mkono Wangu

Baba yangu alikuwa mchinjaji Mahabibo, mtaa wa mji wa Mahajanga huko Madagaska, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti, mimi nikiwa wa kwanza, na alikuwa na visu. Vilitundikwa nyuma ya mlango, kila kimoja kwenye msumari wake, kuanzia kile chembamba cha kuchunia ngozi hadi kile kikubwa cha koo ambacho hakuna aliyekishika wakati wa kazi ila yeye. Wageni wakimuuliza nani atamrithi, alijibu mbele yetu bila haya, "Hivi nitazikwa navyo." Mama aliinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, maana aliyevinoa visu hivyo kila Alhamisi jioni ni mimi, na baba alijua kwamba mkono wangu kwenye kinoo ulikuwa mzuri kuliko wake.

Wakati huo uhuru ulikuwa mchanga na bendera mpya bado haijapauka. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya wasichana hapo Mahajanga, na shule ikaamua kuwapeleka wasichana wakubwa kupiga kambi Nosy Be wakati wa likizo. Mambo ya kambi yalikuwa ya wavulana tu. Nikaambiwa nitafute vyombo: masufuria, kamba, maturubai, na kisu kimoja kikubwa cha kazi zote. Mwalimu mwenzangu akasema nichukue panga, basi. Nikamwambia panga ni la kufyekea nyasi. Ukitaka kukata nyama kwa panga utakula ngozi na mfupa pamoja. Nilitaka kisu kisichokunjwa, chenye mgongo mnene, kirefu kupita shibiri yangu kidogo, kiweze kupasua kuni asubuhi na kukata kitoweo mchana.

Baba aliposikia alicheka. "Nenda ukachague," akasema. "Kikifika nitakiona." Nyumbani tulisema Kikomoro, na katika Kikomoro cha baba maneno hayo hayakuwa na utamu wowote. Ulikuwa mtihani. Nami niliutaka.

Nilikwenda duka la vyuma karibu na bandari, nikiwa nimejifunga shiromani yangu nyekundu, na usoni nimepaka msindanu, liwa yetu, kwa sababu jua lilikuwa kali. Mwenye duka aliniangalia kama mtu aliyepotea njia akitafuta duka la vitambaa. Tulizungumza Kimalagasi. Akanitolea, bila kuulizwa, kisu cha kumenyea viazi.

"Kikubwa," nikamwambia.

Akatoa cha mkate.

"Kikubwa cha porini. Cha kuni, nazi, miti na nyama."

Hapo akachangamka. Akafungua kabati la kioo akatoa kisu chenye mpini wa pembe, ala ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi mweupe, na bapa linalong'aa hata ukajiona meno. Mgongo wake ulichongwa meno ya msumeno. Akasema hicho ndicho mabwana wawindaji huulizia. Alikisifu kwa muda mrefu sana, na kwetu tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikakishika. Nikakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ndani ya mpini kulikuwa na kitu kinachotetemeka. Maana yake chuma kiliingia mpinini kidogo tu, kama mkia wa panya, na gogo la kwanza lingekivunja shingo. Na yale meno ya mgongoni? Ukitaka kupasua kuni kwa kisu lazima ukipige mgongo kwa rungu, na rungu likipiga meno, meno hula rungu. Nikamrudishia. Akaniuliza kama mume wangu ndiye aliyenituma. Nikamwambia sina mume, nina kazi, na kama hana kisu cha kazi aniambie niende zangu.

Nilikipata kisu changu katika sanduku la mbao chini ya meza, pamoja na vijiko vya chuma na vifuniko vya sufuria visivyo na masufuria. Kilikuwa kimeota kutu kidogo. Mpini wake ulikuwa wa mbao nyeusi, umebanwa kwa misumari mitatu ya shaba, na ukiutazama kwa juu uliona chuma kimepita katikati yake mpaka mwisho, chuma kimoja kutoka ncha hadi kitako. Nikakigonga: kimya. Nikakiinua dirishani nikatazama makali kwa urefu. Mstari ulikuwa umenyooka, ukajikunja karibu na ncha ukafanya tumbo dogo, ile sehemu inayokata nyama bila kuivuta. Nikapitisha ukucha kwenye makali. Hakuna pengo. Mwenye duka alisema hicho kibovu. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha, nikaogopa atauona akapandisha bei, nikakunja uso nikasema kweli, kibovu.

Kilikuwa na ila moja. Mpini ulikuwa mnene mno, vidole vyangu havikukutana na kiganja. Nilipokifikisha nyumbani, baba aliiona ila hiyo kabla hajaketi. Alikigonga, akasikiliza, akapitisha ukucha, na kila alichokifanya mimi nilikuwa nimekwisha kukifanya dukani. Halafu akasema, "Mpini huu ni wa dume."

Nilivunja chupa, nikachukua kipande kikubwa cha kioo, nikakaa uani nikaanza kuukwangua. Kioo hukwangua mbao vizuri kuliko tupa, kinatoa nyuzi laini kama za nazi. Nilikwangua, nikashika, nikakwangua, mpaka mpini ukakaa mkononi mwangu kama mkono wa ndugu. Nikaupaka mafuta ya nazi. Baba alipita mara kadhaa akijifanya anatafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani.

Mgogoro ulikuja kwenye kunoa. Kwa wachinjaji wa ukoo wetu, kisu kikishaonja mti ni cha mti, hakigusi koo tena mpaka kife. Mti una mchanga ndani ya gome na mchanga humega makali, na koo halitaki kisu chenye pengo hata dogo. Ndiyo maana visu vya baba vilikuwa vingi. Lakini mimi nilikuwa naenda na kisu kimoja. Basi nikakinoa kwa namna mbili. Sehemu ya karibu na mpini niliinoa kwa kukiinua kisu kwenye kinoo, ikawa na makali manene ya kuvumilia kuni. Sehemu ya mbele, kwenye tumbo, niliilaza kinooni mpaka ikakata unywele. Katikati nikachora alama kwa msumari. Nyuma ya alama mti, mbele ya alama chakula.

Baba alikasirika. "Kisu chenye nia mbili!" akasema. "Hakina baraka hicho."

"Baba, mimi nina nia mbili na umenilea mwenyewe."

Mama alicheka jikoni. Baba hakucheka, akatoka akaenda msikitini mapema.

Tulipanda meli ya pwani hadi Nosy Be. Tukapiga kambi kando ya msitu wa Lokobe, penye kijiji kidogo, na upepo ukigeuka ulileta harufu ya maua ya milangilangi yanayopikwa mafuta. Kisu kilifanya kazi. Tulikata fito za maturubai, tulipasua magogo kwa kukipiga mgongo kwa rungu, tulifungua madafu. Hakuna aliyeruhusiwa kupita alama yangu. Msichana mmoja alijaribu kukata kamba ya turubai kwa tumbo la kisu nikampigia kelele iliyoamsha komba msituni. Jioni nililifunga tumbo hilo kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, na wasichana wakasema mwalimu analea mtoto.

Karibu na mwisho wa kambi, wanakijiji walituletea kondoo, zawadi kwa watoto wa shule. Fundi, ndivyo sisi tunavyomwita mwalimu wa madrasa, akaja na kisu chake amchinje. Alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye vidole kama ndizi. Akapitisha ukucha kwenye makali yake, nami nikaona ukucha ukikwama. Na yeye aliona. Akatazama huku na huku, akaniomba changu.

Nikampa. Akakishika, akakigeuza, akakishika tena. Mpini ulipotea ndani ya kiganja chake. Vidole vilipita vikasongamana, kisu kikazunguka mkononi. Mchinjaji ambaye kisu kinamzunguka mkononi hamtendei mnyama haki. Alijaribu mara ya tatu, halafu akanitazama mimi, na mkono wangu.

"Nani amekinoa?"

"Mimi, fundi."

"Wewe ni Mwislamu, unajua bismillahi, na kisu ni chako. Dini haikukatazi, binti. Ni mazoea yetu tu. Chinja."

Wasichana wakasogea karibu. Nikakificha kisu katika pindo la shiromani, kwa sababu mnyama haonyeshwi kisu, kama baba alivyofanya siku zote. Fundi akamlaza kondoo na kumwelekeza kibla. Nikakitoa kisu, nikalitaja jina la Mungu, nikakata kwa tumbo la kisu, mara moja, bila kuvuta wala kurudia. Fundi akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Nilikula nyama ile kwa fahari ambayo mpaka leo sijaitubia.

Habari husafiri kwa meli kama watu. Niliporudi Mahabibo baba alikuwa anajua. Aliomba kisu, akapitisha ukucha nyuma ya alama, akapitisha mbele ya alama, polepole, mpaka nchani. Akanirudishia, akaagiza chai.

Ikaja Idi ya kuchinja. Ua wetu ulijaa majirani. Baba akakishusha kile kisu kikubwa cha koo, akakitazama, akakirudisha kwenye msumari wake. Akaniita nilete changu. Nikamletea, akakishika mbele ya watu wote, na mpini ukamkataa kama ulivyomkataa fundi. Nadhani alijua utamkataa. Alinirudishia, akakunja kanzu, akapiga magoti vumbini akamshika kondoo kichwa, kazi ambayo maisha yake yote aliwaachia wasaidizi.

Mgeni mmoja kutoka mtaa wa Ampisikina akauliza kwa nini hachinji mwenyewe leo, au anaumwa.

"Mimi nimeshika kondoo," baba akasema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Mwenye kisu ni huyu."

Nikakitoa katika pindo la shiromani, nikapiga bismillahi.