Uliza Kabla ya Kufunga Njuga

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hainiingii akilini mpaka leo. Ulikuwa ukinyonya bado. Kikundi chetu cha wanawake kiliitwa hapa Siakago kumchezea mgeni wa heshima aliyekuja kufungua jengo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu, na nitakwambia nilivyotunzwa.

Tulibadilisha nguo nyuma ya choo. Kisha kijana wa mipango, mwenye kitambulisho shingoni, akatupanga laini langoni, juani, njuga miguuni. Mgeni yuko njiani, akasema. Jua likapanda, mgeni bado yuko njiani. Hema lilikuwa pale pale, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, havina mtu. Tukakatazwa kuketi eti tutaharibu mpangilio.

Wewe ulikuwa nje ya ua na shangazi yako, unalia. Maziwa yakaanza kunilowesha blauzi. Nikamwomba yule kijana nitoke kidogo tu.

"Madam, umekuja kunyonyesha ama kucheza? Mgeni akifika apate pengo kwa laini?"

Nikacheka. Nikamwambia pole. Mtoto wangu analia, na mimi ndiye naomba msamaha. Hebu nielezee wewe, maana mimi sijaelewa.

Aliyekuwa akituongoza kuimba ni Cucu Marigu, bibi mzee mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Aliinama akafungua njuga zake, akatembea polepole mpaka hemani, akaketi kiti cha mbele kabisa.

"Cucu, hapo ni pa wageni," kijana akamkimbilia.

"Na sisi ulituita ama tulijileta?"

"Lakini cucu, hii ngoma si ni utamaduni wenu? Si mnaipenda?"

"Hata shamba langu nalipenda. Nikiita watu ngwatio waje tulime pamoja, wakichoka nawaketisha wapi? Juani? Uji wao si uko tayari kabla jembe liguse udongo?"

"Hiyo ni kazi, cucu. Hii ni kucheza tu."

"Basi cheza wewe."

Wanawake wakaangua kicheko, laini ikavunjika yenyewe. Nikafikiri nimepona, kumbe zamu yangu ilikuwa inakuja. "Na wewe," Cucu akaniambia, "unachekea nani? Lete mtoto."

Magari yakaanza kuingia. Kijana akawa anashika kichwa, mimi sijui nikimbilie laini ama nikuchukue. Miguu ilitaka kwenda kote kuwili. Nikakuchukua. Nikakunyonyesha kwa kiti chenye kitambaa cheupe, mgeni wa heshima akipita langoni bila wimbo.

"Tafadhali cucu, anzeni," kijana akanong'ona.

"Mtoto akimaliza."

Ulipomaliza, tulicheza, na tulicheza vizuri. Hatukuitwa pale tena. Kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama tulishinda ama tulijifungia mlango. Hasira ninayo, lakini sijui niielekeze kwa yule kijana, kwa mgeni, ama kwa ule mdomo wangu uliocheka.

Sasa wewe umekua, unasema unataka kucheza ngoma kama mimi. Sikukatazi. Miguu unayo. Lakini kuuliza si ujinga. Kabla hujafunga njuga, uliza tutabadilisha nguo wapi, tutakunywa maji wapi, tutaketi wapi mgeni akichelewa, mwenye mtoto atamweka wapi, tutaenda nyumbani saa ngapi. Akikujibu kwamba hii ni kucheza tu, jibu la Cucu unalo. Uliza mapema, mwanangu, kwa sababu njuga zikishalia watasikia ngoma, hawatakusikia wewe.

Enda basi. Mungu akupe miguu myepesi na sauti isiyokauka, na popote watakapokuita kucheza, ukute kiti chako kimewekwa kivulini kabla ya cha mgeni.