Jumamosi Ambayo Sikuwapo Sokoni

Pikipiki ile mume wangu aliiunda mwenyewe. Alikuwa fundi katika karakana moja ya reli kule Gerezani, na jioni, baada ya kazi, alizunguka kwa mafundi wenzake akiokota huku tangi, kule usukani, pengine taa, mpaka vikawa chombo kimoja kinachonguruma. Majirani zetu wa Kariakoo waliiita Muungano, kwa kuwa hapakuwa na sehemu zake mbili zilizotoka mahali pamoja. Yeye hakuudhika. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa kilichokuwa kanga yangu.

Kwa mwalimu na fundi, miaka ile, kusafiri mwisho wa juma halikuwa jambo la kuamua tu. Petroli ilipatikana kwa kubahatisha, na Jumapili ikishafika saa nane mchana vyombo vya watu binafsi havikuruhusiwa barabarani. Malori ya mazao yenye kibali yalipita. Sisi wengine tulitembea. Kwa hiyo aliyetaka kwenda mbali ilimpasa awahi kurudi, au abaki kwake apange foleni ya sukari. Mume wangu aliweka petroli kidogo kidogo ndani ya dumu chini ya kitanda chetu, hata nguo zetu za kanisani zikanuka gereji. Dumu lilipojaa, nilimuaga balozi wetu wa nyumba kumi kwamba tunakwenda Uluguru kumwona baba.

Mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa amekuja mjini kutibiwa macho, alikuwa ametuambia kwamba baba anakohoa hadi anashika ukuta. Mimi nilikuwa sijamwona baba yangu tangu kabla ya kuolewa, na kuolewa kwangu ndiko kulikotutenga.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mama alifariki kabla sijaanza shule. Mjomba, aliyekuwa karani bandarini, alinileta Dar es Salaam, akanilea na kunisomesha hadi chuo kikuu. Wazee wa mume wangu waliposhuka kutoka Kilimanjaro kuleta posa, waliuliza mwenye binti ni nani, wakaelekezwa kwake. Hawakukosea njia. Lakini kwao baba ndiye kila kitu, wakadhani kwamba mjomba hawezi kukubali kabla baba hajakubali. Mjomba naye, kwa kuijua mila ya wageni wake, alidhani kwamba Wachaga hawawezi kubisha hodi kwa mjomba bila kupita kwanza kwa baba. Kila upande ukaheshimu mila ya mwenzake, na kwa heshima hiyo hakuna aliyepanda mlima kumwambia baba yangu. Habari za ndoa alizipata kwa watu wa malori. Wanasema aliketi kitambo, kisha akasema, "Kama mjomba ametosha, basi amtoshe."

Nilimtumia salamu mara nyingi, na mara zote hazikujibiwa. Mjomba alinishauri nimwache, maana hasira ya mzee hupoa yenyewe. Nikamwacha. Mwaka ukafuata mwaka, na ikawa kila mwaka unaifanya safari ile kuwa ngumu zaidi ya mwaka uliotangulia.

Nilichokifuata mlimani kilikuwa kitu kimoja, radhi yake. Nyumbani kwetu mzazi anayetoa radhi hasemi maneno mengi. Huchukua maji kinywani akampulizia mtoto kifuani, yakishalowesha nguo basi, yaliyopita yamepita. Mume wangu, ambaye kwao hakuna desturi hiyo, aliitaka kuliko mimi.

"Mimi sijaoa, mwalimu," alizoea kuniambia. "Mpaka mzee anipulizie na mimi, mimi ni mwizi tu ambaye bado hajakamatwa."

Tulitoka Jumamosi kabla ya mapambazuko. Niliketi upande, kwa adabu ya siku zile, kanga mbili kiunoni na mkono wangu mmoja ndani ya mfuko wa koti lake. Mnazi Mmoja palikuwa patupu, vumbi limelala. Tulipoipita Kibaha tukaanza kupishana na malori ya mboga yanayoingia mjini, moja nyuma ya jingine, matenga yamepangwa hadi juu ya turubai na watu wamejikunyata juu ya matenga. Mume wangu aliyapigia honi yote. Honi ya Muungano ilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye kwikwi, na lori moja, nakumbuka, lilijibu.

Mvua ilitukuta Chalinze, ikatusindikiza hadi Morogoro. Baada ya hapo barabara iliacha kuwa barabara. Ilipanda ikijikunja ubavuni mwa mlima, nyekundu na yenye utelezi, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo ambalo chini yake tulisikia maji bila kuyaona. Penye miinuko mikali nilishuka nikatembea nyuma, nikisukuma pale alipohitaji. Ukungu ulishuka mchana ukafunika ngazi za mashamba, kabichi na njegere, ngazi juu ya ngazi, na wanawake waliokuwa wakipalilia wakatokea na kupotea kama wanaofutwa ubaoni. Niliyaacha mazingira hayo nikiwa mtoto, nami nilikuwa nimeyakumbuka yakiwa na jua. Baridi iliniingia mifupani. Mume wangu, mtoto wa mlima mkubwa zaidi, aliimba njia nzima.

"Huu wenu ni kichuguu," aliniambia.

"Kichuguu hicho mbona kimekushusha mara tatu?"

"Nashuka kwa heshima. Ni ukweni."

Tulifika alasiri. Nyumba ilikuwa ileile, ila ilikuwa imekuwa ndogo. Mama mdogo, mke aliyeolewa na baba baada ya mama, alitoka jikoni akijifuta majivu, akasimama kutuangalia muda mrefu kuliko inavyompasa mwenyeji. Nilimsalimu, akaitikia, akatuingiza ndani, akachochea moto. Nikamwuliza baba yuko wapi.

"Mmepishana naye," alisema. "Kashuka na lori jana usiku."

"Kwenda wapi na kifua hicho?"

"Huko huko kwenu. Kariakoo. Si kila wiki anashuka na mzigo?" Aliiweka sufuria chini. "Ina maana wewe hujui?"

Nilisema sijui. Mama mdogo alimtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi, na nadhani alipima kama inafaa kuendelea.

"Anakuona," akasema. "Kila Jumamosi anakuona. Akirudi huniambia. Leo mwanangu kavaa gauni la kijani. Leo kanunua nyanya, kapunjwa, wala hakusema neno. Leo yupo na mumewe, yule bwana kambebea kikapu. Juma lililopita alisema umekonda."

 Ni kweli kwamba kila Jumamosi asubuhi nilinunua nyanya na njegere pale sokoni, upande yanaposhushwa matenga. Nyuma ya matenga waliketi wazee wa milimani waliovaa masweta na kofia za sufu katika joto lile la Dar es Salaam, wamejiinamia. Nilipita mbele yao nikibonyeza nyanya. Nilikuwa naweza kusema bila kukosea zipi zimetoka Uluguru na zipi zimetoka Lushoto. Nyuso zao sikupata kuziangalia.

"Na leo?" mume wangu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Leo atakuwa kangoja," alisema mama mdogo. "Atarudi akisema unaumwa."

Mume wangu aliweka kikombe chini. "Lori linaondoka mjini lini?"

"Kesho mchana, wakishapata cha kurudi nacho."

"Basi tukitoka hapa kukipambazuka tunamkuta."

"Na saa nane?" nilimwuliza.

"Saa nane tutakuwa kwa mjomba wako tunakula wali, mzee kaketi katikati."

Asubuhi mama mdogo alinifungia njegere kwenye jani la mgomba, kana kwamba huko niendako hakuna njegere. Tuliteremka tukiwa na ukungu mbele na nyuma. Mume wangu hakuimba. Kushuka kwenye utelezi ni kubaya kuliko kupanda. Pikipiki inataka kwenda na mlima unataka iende, na katikati yao ni mguu wa mtu mmoja kwenye breki. Mara mbili tulianguka taratibu, ubavu, kwenye tope, tukainuka tukaendelea. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia baba. Nilianza na samahani, nikaitoa. Nikaanza na mjomba, nikamtoa. Hata tulipofika Morogoro nilikuwa nimebakiwa na shikamoo peke yake.

Mikese, mnyororo ulikatika. Mume wangu alikuwa na pingili za akiba mfukoni, kwa maana aliijua pikipiki yake, lakini zilikuwa za pikipiki nyingine, ikabidi azisugue kwa jiwe hadi zikakubali. Nilimshikia dumu, lililokwisha petroli na ambalo nilikuwa nimelijaza maji ya mto ya kunawia mikono. Jua lilikuwa limetoka sasa, kali, la bondeni. Sikumwuliza saa. Yeye mwenyewe aliigeuza saa yake ikatazama ndani ya mkono.

Walitusimamisha karibu na Mlandizi. Askari alikuwa kijana, na mti wa kizuizi ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili.

"Ndugu, zima pikipiki. Saa ngapi sasa?"

"Saa nane kasorobo, afande."

"Saa yako hiyo ya wapi? Ya Moshi?"

"Afande, huyu mama anamwahi baba yake. Mgonjwa."

"Jumapili kila mtu ana baba mgonjwa. Wiki iliyopita nilipata wagonjwa wanane, wote wakwe." Wenzake walicheka. "Isukumeni hadi pale kituoni. Kesho alfajiri mtaondoka salama, hakuna atakayewagusa."

Mume wangu alianza kusukuma. Niliuona mgongo wake, tope limekauka juu ya koti, nami nikajua kwamba hata yeye, aliyeweza kukitengeneza chochote, hili ameliacha. Ndipo lori likasimama upande wa pili wa kizuizi, likitokea mjini, matenga matupu yamefungwa kamba. Askari alikwenda kudai kibali. Juu ya matenga, amevaa sweta la rangi ya udongo, aliketi baba yangu.

Alikuwa ameniona kabla sijamwona. Nilivuka barabara nikasimama chini ya lori, nimeinua uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama. Uso wake ulikuwa umebaki macho. "Jana hukuja sokoni."

"Nilikuja kwako, baba. Tulilala kwako."

Alilipokea neno hilo taratibu, kama mtu anayepokea mzigo kutoka kwa mwingine na hajajua uzito wake. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara.

"Ndiye yule?"

"Ndiye."

"Mbona anasukuma?"

"Saa nane imempita."

"Mwite."

Mume wangu aliilaza Muungano palepale, akaja mbio, akasalimu huku ameinama. Baba alishuka kutoka kwenye matenga akishika kamba, kwa tabu, dereva akimhimiza kwamba kibali kimeshaonekana, mzee, twende. Aliomba maji. Hapakuwa na maji ila yale ya dumu. Mume wangu alimkingia kiganjani, baba akanusa.

"Yananuka petroli," alisema. "Mkwe anataka kuniunguza."

Tulicheka, sote watatu. Nalikumbuka hilo kuliko jambo lolote, kwamba tulicheka. Kisha akayatia maji kinywani na mimi nikakaza kanga kifuani nikafumba macho, kama nilivyofanya utotoni. Nilichokisikia ni kikohozi. Nilipofumbua, baba alikuwa ameshika bati la lori kwa mikono miwili, na maji yote yalikuwa chini, kwenye lami, doa dogo ambalo jua lilikuwa limekwisha kuanza kulila. Kilimshika muda mrefu. Dereva alipiga honi. Mume wangu alikinga tena kiganja, lakini baba alitikisa kichwa; pumzi hazikumtosha.

"Jumamosi," alisema alipoweza. "Njooni sokoni. Wote wawili. Nitakaa palepale."

Wakampandisha. Tulisimama barabarani hadi lori likaishia kwenye kona. Mume wangu alijifuta kiganja kwenye suruali, kisha akauliza, "Kasema mkwe?"

"Kasema mkwe," nilimjibu.

Jumamosi ile tulifika sokoni kabla ya malori. Nilivaa gauni la kijani. Lori lilipoingia, dereva alishuka, na kabla hajatufikia alikuwa amevua kofia.

Tulimzika baba siku iliyofuata, mlimani, mvua ikinyesha. Mjomba alikuja akasimama nyuma ya watu wote, na hakuna aliyemwuliza neno. Walipomaliza, mama mdogo aliniita jikoni. Alichukua maji kinywani, akanipulizia kifuani, akampulizia na mume wangu. Mila yetu haimpi mke wa baba haki hiyo. Alifanya kwa sababu hapakuwa na mwingine. Maji yalikuwa baridi, nguo ikanigandia mwilini hadi tulipofika bondeni, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama yamepokelewa.

Sokoni tuliendelea kwenda. Nilibonyeza nyanya, nikalipa, na mume wangu akashika kikapu. Lakini hatukuondoka upesi. Tulisimama pale kidogo, mbele ya matenga, tumegeuza nyuso zetu upande wa wazee, kwa muda ambao ungemtosha mtu kutuona.