Moja, Mbili, Korongo Wakaruka

Enzi zetu picha haikupigwa hivi hivi, kama mtu anayejikuna. Ulioga, ukapakwa mafuta mpaka uso ukang'aa, ukavishwa nguo ya Idi hata kama Idi yenyewe iko mbali, ukapelekwa studio na kusimamishwa mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua ambayo hayajawahi kuota Mbeya. Kisha mpigapicha akakupigia ukelele: "Tulia hapo! Usipepese! Moja, mbili, tatu!" Ukitoka pale unajua kweli umepigwa picha. Wajukuu zangu siku hizi wanapiga picha chipsi. Chipsi, jamani! Zinapigwa kushoto, zinapigwa kulia, mpaka zije kuliwa zimeshapoa.

Nina haki ya kulalamika, maana mpigapicha huyo alikuwa baba yangu mzazi. Babu alitoka pwani na cherehani yake, akaja kushonea watu wa Mbeya makoti, kwa kuwa baridi ya hapa haina masihara. Baba hakutaka cherehani, akafungua studio. Walikuja maharusi wa Mbalizi na shela zao, wakaja watu wa Chunya na vumbi lao mpaka kwenye kope, wakaja wazee wa Kisafwa waliotaka kupigwa picha fimbo mkononi na wake zao pembeni. Wote hao walihesabiwa moja, mbili, tatu. Sauti ya baba ilivuka barabara na kufika sokoni, na wauza viazi kule walikuwa wakimalizia wenyewe: "Tatu!" Hata sisi watoto, tukichoka mdako na rede, tulicheza studio uani kwa kopo la maziwa na kaniki ya mama, na asiyetulia tulimnyima zamu.

Mimi ndiye niliyenyimwa zamu kila siku. Nilikuwa na domo, sifichi. Jina langu mtaani lilikuwa Santuri, kwa sababu, walisema, ukinizungusha mara moja naimba mpaka mwisho. Mama akichoka alinitazama na kusema, "Wewe mtoto, hiyo sindano yako haiishi?" Nilikuwa na miaka tisa na haikuwa imeisha. Kwa kweli mpaka leo haijaisha.

Sasa, palikuwa na Mzungu mmoja mpima ardhi, mji mzima ukimwita Bwana Mpima, ambaye alikuwa na wazimu wa ndege. Alikuwa na kamera ndogo yenye lenzi ndefu kama bomba la baiskeli, na kwa lenzi hiyo aliweza kumpiga picha yule ndege mdogo, chozi, akinyonya ua ng'ambo ya bonde, ukaona mpaka ulimi. Siku moja alirudi kinyumenyume akitazama mwewe angani, akatumbukia mtaroni, akavunjika mguu. Alikuwa arudi kwao mwisho wa mwezi, na alichobakiza ni picha moja tu: korongo wa Usangu, wale wenye taji la dhahabu kichwani, wakicheza ngoma yao. Akaja studio anachechemea na mkongojo, akamkabidhi baba kamera, lenzi na mikanda miwili ya filamu. "Wewe ndiye mpigapicha," akasema. "Nenda kanipigie."

Ungemwona baba! Alilala na ile lenzi kitandani, kando ya mto wake wa kulalia, na mama akanuna. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, "Miaka yote hii napiga watu waliosimama kama nguzo. Nataka kupiga kitu kimoja kinachoruka, mke wangu. Kimoja tu." Mama akacheka, lakini akamkaangia maandazi ya safari.

Alikwenda Usangu mara ya kwanza, akarudi, akausafisha mkanda kwenye chumba chake cha giza, akatoka na uso umemshuka. Picha zote zilikuwa mbingu tupu na mikia, isipokuwa moja yenye makalio ya ng'ombe, safi kabisa. Alikwenda mara ya pili, akautumia nusu ya ule mkanda wa mwisho, akaapa kuwa kila alipobonyeza ndege walikuwa wameshaondoka. Alilaumu upepo na ng'ombe. Alimlaumu na fundi wake wa studio aliyekwenda naye, akidai anapumua kwa kelele. Fundi wa watu akasusa. Ikabaki wiki moja Bwana Mpima aondoke na kamera yake, na baba hakuwa na wa kumbebea miguu mitatu ya kamera.

Nikasema, "Nitabeba mimi."

Nyumba nzima ilicheka. Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Ndege walimkimbia fundi, mtu mzima, ndiyo wangemstahimili Santuri? Nililia, nikagoma kula kande, nikalia tena. Si kwa ajili ya ndege, niseme kweli. Baba alikuwa mtu wa wateja mchana kutwa, na akitoka kwa wateja aliingia chumba cha giza, ambako mtoto haruhusiwi. Mimi nilitaka kuwa naye peke yangu, hata kama ni matopeni. Mwisho akaniita, akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Sikia. Ukitoa neno moja mbele ya wale ndege, moja tu, hutaandamana nami tena popote. Umenielewa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeshaanza kunyamaza.

Tulipanda lori la mbao lililokuwa likirudi Iringa, likatushusha Usangu kwa mama mmoja mfugaji aliyekuwa amempokea baba safari zilizopita. Akatupokea kwa "Kamwene!" na maziwa mgando yaliyosimamisha kijiko. Aliitazama lenzi, akatutazama mikono mitupu. "Baba, hii bunduki yako mara ya tatu sasa. Nyama iko wapi?" Nilitaka kumweleza yote tangu mtaro wa Bwana Mpima, nikajiziba mdomo mwenyewe. Baba akaniona, akatabasamu.

Asubuhi tukaingia kwenye kibanda cha matete kando ya bwawa. Kamera ikasimama kwenye miguu yake mitatu, baba nyuma yake, mimi nimechuchumaa kando ya bega lake. Mbu walinila masikio. Unyasi uliniingia puani, nikaibana chafya mpaka machozi yakanitoka. Jua likapanda, na korongo wakaja. Jamani, wale ndege! Walikuja wawili, kisha sita, wakatembea kwa madaha kama mabibi harusi. Mara mmoja akainama, mwenzake akainama, wakafungua mbawa nyeupe, wakaruka juu wote wawili, wakashuka, wakaruka tena. Moyo ulinipasuka kwa kutaka kusema, "Baba, ona!"

Baba akaweka jicho kwenye kamera. Kidole kikagusa kitufe. Na hapo, wasomaji wangu, kwa sauti ile ile ya kufika sokoni, akasema:

"Tulia hapo! Usipepese! Moja, mbili..."

Bwawa zima likaruka. Baba akabonyeza, akapiga mbingu. "Unaona?" akaninong'oneza kwa uchungu. "Unaona wanavyofanya? Hata hujasema neno!"

Nilimtazama. Hakujua! Wallahi hakujua. Ukelele ule ulikuwa umeota kwenye kidole chake, kidole kikishuka sauti inatoka, na masikio yake yalishaacha kuusikia zamani. Fundi wake naye aliusikia kutwa studio, ataushangaa vipi? Mimi nimeusikia maisha yangu yote, lakini asubuhi ile nilikuwa nimenyamaza kwa mara ya kwanza, na ukinyamaza unasikia mengi. Sasa nimwambieje? Nikifungua mdomo, ndiyo mwisho wangu wa kuandamana naye.

Korongo walirudi, na baba akahesabu tena, wakaruka tena, hivyo hivyo mpaka mkanda ukakaribia kuisha. Mwishowe akanionyesha kidole kimoja: imebaki picha moja. Tukasubiri mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Wakaja wawili tu, karibu kuliko wote, wakaanza kuinamiana. Baba akasogeza jicho. Nikaona kifua chake kinajaa pumzi, na nikajua kinachokuja.

Nikamziba baba mdomo.

Kwetu mtoto hamgusi mzazi uso, hata kwa mzaha. Kumziba mdomo baba yako ni jambo ambalo sikuwahi kuliona wala kulisikia, na nililifanya kwa mkono wenye matope. Midomo yake ikatikisika kwenye kiganja changu: moja, mbili, tatu. Joto la pumzi likanijaa vidoleni, na sauti haikutoka. Mbele yetu korongo wote wawili walikuwa hewani, mbawa wazi. Kamera ikalia, ti.

Hawakuondoka, wakaendelea na ngoma yao.

Niliondoa mkono, nikafumba macho, nikangoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, baba alikuwa ananitazama na matope mdomoni, macho yamemtoka. "Mwanangu," akanong'ona, "kumbe nilikuwa nahesabu?"

Nikatikisa kichwa.

"Tangu asubuhi?"

Nikatikisa kichwa.

"Sema basi!"

"Ulisema nisiseme," nikamjibu, na baba akaangua kicheko kilichowafukuza korongo mpaka kesho yake. Kutoka pale hadi Mbeya nilisema bila kituo, na dereva wa lori aliomba radhi akajiziba masikio kwa pamba.

Picha ilitoka. Bwana Mpima aliitazama pale studio, akavua kofia, akaondoka na lenzi yake na hatukuiona tena. Nakala baba aliitundika ukutani, juu ya maharusi wote, na mteja akiisifu alijibu, "Tulipiga mimi na Santuri." Alijaribu kuacha kuhesabu, akashindwa, na wateja wenyewe walikataa, wakidai picha isiyohesabiwa si picha. Alihesabu mpaka alipozeeka. Kila alipotoka na kamera baada ya hapo, nilikwenda naye.

Juzi mjukuu wangu alikuja na kamera yake, na lenzi ndefu kuliko ile, akasimama kule kwenye mparachichi akanipiga mimi niliyeketi barazani. Trrrrr, kama cherehani ya babu. Akaniletea kunionyesha: zaidi ya hamsini, na karibu zote nimefumba macho. "Bibi, mbona unapepesa?" Wana vifaa, watoto hawa, sibishi. Korongo kule Usangu, nasikia, siku hizi wa kuwatafuta.

"Rudi kule kule," nikamwambia, "halafu uhesabu. Kwa sauti."

Alicheka, akarudi mparachichini, akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka jirani akachungulia. Niliukunja mkono wangu wa kulia mapajani, kiganja kikiwa cha moto kama asubuhi ile, na sikupepesa.