Saba Waliozidi Mraba

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Gawanya, naye alilipokea kwa kicheko. Mwalimu huyu wa hesabu hakuweza kuona kitu bila kuuliza kinagawanyika kwa ngapi: vigae vya jikoni, viti vya harusini, hata vifungo vya shati la mumewe. Mumewe alizoea kumtania kwamba hata posa yake aliikubali baada ya kuipigia hesabu.

Mwaka mmoja shule zote za mji ziliandaa halaiki ya watoto uwanjani, na kazi ya kuwapanga akapewa yeye. Watoto walikuwa 10,007. Mratibu wa sherehe, bwana wa suti na filimbi shingoni, alitaka safu zilizo sawa, zisizo na pengo, maana picha zingepigwa kutoka juu. Mama Gawanya akakaa mezani na kalamu. Aligawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, akaendelea na kila namba tasa mpaka tisini na saba. Mbele ya hapo hakukuwa na haja, kwa kuwa namba mbili zilizozidi mia zikizidishwa zinaipita 10,007. Kila mara kulibaki kitu. Yenyewe pia ilikuwa namba tasa, haipangiki kwa safu sawa, labda watoto wote wasimame mstari mmoja.

Alimpelekea mratibu tatizo pamoja na dawa yake. Waongezwe walimu watatu tu, wafike 10,010: safu tisini na moja za watu mia moja na kumi. Asiachwe mtu. Mratibu hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake.

"Mwalimu, mistari imeshapigwa chokaa, mia kwa mia. Toa saba."

"Saba gani?"

"Si wapo wale wa magongo? Wanawachelewesha wenzao tu."

Mmoja wa hao alikuwa binti wa darasa la Mama Gawanya, aliyefanya mazoezi juani muhula mzima na hakukosea hatua. Chokaa inafutika kwa ufagio! Mtu mzima, mwenye akili timamu, anaona ni rahisi kumfuta mtoto kuliko kufuta chokaa. Alimwambia hivyo hivyo, usoni, mbele ya walimu wenzake, nao wakatazama viatu vyao. Kesho yake kazi ya kupanga akapewa mwingine. Wazazi wa wale saba waliambiwa kwamba hesabu ndiyo iliyowakataa watoto wao. Uongo mtupu. Namba ilisema saba wamezidi mraba, haikusema nani.

Siku ya sherehe alikaa nao kwenye benchi nyuma ya lango, wote saba wakiwa na sare zilizopigwa pasi. Mraba ulipokamilika, sauti ya mratibu ikatoka kwenye vipaza sauti: watoto wote wa mji wako uwanjani, hakuna hata mmoja aliyeachwa. Uwanja mzima ukashangilia. Yule binti naye akaegemeza magongo yake kwenye benchi, akaanza kupiga makofi.

Mama Gawanya akamshika mikono.

"Usipige, mwanangu," alisema. "Leo usipige."