Damu ya Mla Sambusa

Mpaka leo najikasirikia. Kazi yangu kule Jambiani ni kupima molekuli ndogo za kwenye damu ziitwazo maikroRNA, ambazo hubadilika kwa chakula na kuashiria hali ya moyo na sukari. Majibu ya Bi Mwanaidi, mkulima wa mwani, yalipotoka mabaya, nikamvaa mbele ya wenzake.

"Umenidanganya! Hii si damu ya mtu anayekula samaki na mboga. Ni ya mla sambusa na soda!"

"Mwanangu," akanijibu taratibu, "mimi nliogopa sindano, nkakimbia. Ulojichoma ni wewe, ili utuonyeshe haiumi, ukatia damu yako kwenye kichupa chenye jina langu."

Wanawake wote wakaitazama soda iliyokuwa mkononi mwangu.